Matumbo Rasmi ya Nchi ya Kadiria

Namna Mwalimu Mashavu Mkangwa alivyofika nchi ya Kadiria haituhusu sana. Njia ilikuwa ndefu, vyoo vilikuwa vichache, na mwenyewe ni mgonjwa wa utumbo, kwa hiyo ukimuuliza habari za safari atakunja uso na kukuuliza wewe habari za kwenu. Tuanzie alipokwisha kufika, Jumatatu moja asubuhi, mbele ya Hospitali Kuu ya Utumbo, barua ya rufaa kwapani, macho yakitafuta kwanza choo kilipo ndipo yatazame uzuri wa jengo.

Mashavu alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mcheshi, mwenye hasira za karibu. Mwaka wa sita huo utumbo wake mpana ulikuwa umevimba na kufanya vidonda kwa ndani, ukimtoa damu na kumpeleka chooni mara kumi, mara kumi na mbili kwa siku. Vidonge vya kila rangi alikwisha kuvimeza. Ile dawa inayotuliza tumbo na kuvimbisha uso alikwisha kupewa pia, ikampa mashavu kuliko hata jina lake, kisha nayo ikachoka. Alichokitaka hakikuwa kikubwa. Alitaka kusimama mbele ya kidato cha nne kipindi kizima, dakika themanini, bila kuweka chaki mezani na kutoka mbio. Zamani wanafunzi walikuwa wakicheka akitoka. Sasa walikuwa wameacha hata kucheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kilichomleta Kadiria ni sifa za mtambo uitwao Mshauri. Ni kabati la mbao na shaba lenye vigurudumu ishirini na kimoja vya kuzungusha kwa kidole, na kila kigurudumu ni swali. Unatoka damu kiasi gani? Umekonda kwa kilo ngapi? Umeugua miaka mingapi? Dawa zipi zimekwisha kushindwa? Tabibu akimaliza kuvizungusha, kidirisha hufunguka na kuonyesha, kwa kila dawa, ni wagonjwa wangapi kati ya mia wenye hali kama yako waliopata nafuu. Kabati hilo lilitungwa kwa kumbukumbu za wagonjwa maelfu, na lilikuwa kabati zuri. Tuliseme mapema, maana katika hadithi hii wengi watakosea, lakini kabati halimo.

Ndani alipokelewa na Bwana Shomvi, karani wa Ofisi ya Matumbo, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni na muhuri mkononi.

“Karibu sana, Mwalimu. Tumbo lako limethibitishwa?”

“Limethibitishwa vipi? Si hili hapa, nimekuja nalo.”

“Naliona, mama. Lakini hilo kwa sasa ni tumbo la maneno tu.”

Akamweleza kwa upole. Zamani kila mgonjwa alikuwa akimwambia tabibu anavyojisikia, huyu kwa kulia, huyu kwa kutia chumvi, huyu kwa kuona haya na kuficha. Baraza la matabibu likaona hatari. Ikapitishwa sheria kwamba hali ya tumbo isiingizwe katika Mshauri mpaka ipitie meza saba na kugongwa mihuri saba. Kipimo cha kinyesi chenyewe kilichukua nusu saa. Meza saba zilichukua siku tisini.

Mashavu akapiga hesabu, maana ndiyo kazi yake. “Kwa hiyo Mshauri unawatibu watu matumbo ya miezi mitatu iliyopita?”

“Matumbo rasmi,” alimsahihisha Bwana Shomvi. Akaifungua barua ya rufaa, akaangalia tarehe, uso ukamchangamka. “Una bahati, Mwalimu! Barua yako ina miezi mitatu kamili, basi haina haja ya meza. Hebu tuone. Choo mara tatu kwa siku, damu hakuna, uzito mzuri. Hongera sana.”

“Bwana Shomvi, wakati ule dawa ilikuwa bado inafanya kazi. Leo nimekwenda mara nne tangu alfajiri, na damu naiona.”

“Pole sana. Hizo zitaonekana mwezi wa nane.”

Hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti chenye mto, akamwonyesha choo kabla hajaulizwa, na Mashavu aliporudi alikuta amewekewa glasi ya maji. Ungeweza kumpenda mtu kama yule, kama asingekuwa na muhuri.

“Sasa tuchague siku,” alisema karani. “Ungependa siku ya Kufuata au siku ya Kukataa?”

Hapo ndipo Mashavu alipojua mambo bado. Matabibu wa Kadiria walikuwa wamegawanyika kwa miaka arobaini, wengine wakitaka Mshauri ufuatwe kwa kila neno, wengine wakitaka utupwe uani. Walipochoka kutukanana wakapatana, na mapatano yao yakawa sheria. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tabibu yeyote lazima afanye Mshauri unavyosema. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi lazima afanye kinyume chake. Jumapili hospitali hufungwa na matumbo yote huhesabiwa kuwa yamepumzika.

Alasiri ile Mashavu akaenda kwenye Baraza, akakaa kiti cha nyuma karibu na mlango, kama kawaida yake. Mjadala ulikuwa umepamba moto.

“Tabibu ana usingizi,” alisema mmoja wa upande wa Kufuata, “ana njaa, asubuhi amegombana na mkewe. Mgonjwa wa saa mbili anapewa dawa hii, wa saa nane mwenye ugonjwa uleule anapewa ile. Mshauri hauna mke!”

Upande wake ukapiga meza. Akainuka mzee mmoja wa Kukataa, mikono imemjaa makunyanzi. “Vidole hivi vimebonyeza matumbo elfu tatu. Naomba nitajiwe tumbo moja ambalo kabati lile limelibonyeza. Moja tu!”

Upande wa pili nao ukapiga meza. Mashavu aliona kila mmoja anasema kweli, na hakuelewa ugomvi uko wapi. Akanyoosha mkono. “Mimi ni mgeni, mnisamehe. Kwa nini tabibu asiusikilize kwanza Mshauri, kisha akampima mgonjwa na kutumia akili yake?”

Vichwa vyote vikamgeukia. Mwenyekiti akavua miwani, akamtazama kwa huruma ya kweli. “Mama,” akasema, “hiyo ingekuwa siku gani?”

Nyumba ya wageni haikumpa faraja. Mwenye nyumba, Bi Tatuu, alivaa utepe wa kijani kifuani kwa sababu Mshauri ulimwambia watu sabini katika mia wenye hali yake hupona kwa vidonge fulani. Huko Kadiria ukishaambiwa hivyo unakwenda kujiandikisha kuwa wa Sabini. Nafasi za Sabini zikijaa, thelathini waliobaki huvaa kijivu na hupewa pole njiani. Bi Tatuu alimweleza haya yote akiwa nyuma ya mlango wa choo, kwa mara ya tano jioni ile.

“Lakini dada, wewe unaumwa,” alisema Mashavu upande huu wa mlango.

“Siwezi kuumwa. Mimi ni wa Sabini.”

Mashavu, aliyefundisha somo la uwezekano miaka kumi na saba, alilala na hasira.

Jumatano aliingia chumba cha tiba. Tabibu wa zamu hakumtazama usoni. Alizungusha vigurudumu kwa kufuata barua ya rufaa, kidirisha kikafunguka, naye akasoma: aendelee na vidonge vilevile. Mashavu akamwambia vidonge vile havifanyi kitu tena. Akamwambia amepungua kilo tisa. Tabibu akasema anasikitika kwa moyo wake wote, na alionekana anasikitika, lakini ilikuwa Jumatano.

Alhamisi alirudi. Safari hii alikuwa Tabibu Mkuu mwenyewe, yule mzee wa Barazani mwenye mikono ya makunyanzi. Mshauri ulizungushwa tena, kwani ili kuukataa ilikuwa lazima kwanza uusikilize, ukasema tena aendelee na vidonge. Tabibu Mkuu akachukua kitabu cha sheria, akatafuta ukurasa ulioorodhesha kinyume cha kila dawa. Kinyume cha kuendelea na vidonge kilikuwa kisu.

“Tutautoa utumbo mpana wote,” alisema. “Jumamosi saa mbili asubuhi. Usile kitu tangu Ijumaa usiku.”

“Hujanigusa hata tumbo, Tabibu. Wewe uliyebonyeza elfu tatu!”

Mzee akatazama vidole vyake kama mtu aliyekumbushwa deni. “Ningekugusa, mwanangu, nikakuta kabati limesema kweli, ningefanyaje leo Alhamisi?”

Mashavu akatoka. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye ukumbi mrefu wa vyooni, akakaa kwenye benchi la foleni, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuugua akalia mbele za watu. Akirudi kwao, anarudi na vidonge visivyofaa na damu inayozidi. Akibaki, Jumamosi anakatwa kwa sababu ya kalenda. Hakuona njia ya tatu.

Mwanamke aliyekaa pembeni yake alimpa karanga. Alikuwa wa miaka hamsini hivi, koti jeupe limekunjwa na kukaliwa kama mto, daftari la shule juu ya magoti.

“Wamekupa nini, shoga?” aliuliza.

“Jana wameniandika mzima. Leo wamenipa kisu.”

“Kisu si adui. Kuna watu hapa kimewaokoa. Lakini kisu cha Alhamisi, hapana.” Akajipangusa mkono, akamnyooshea. “Naitwa Tabibu Zawena. Lile kabati nilikuwa mmoja wa waliolitunga. Nimekatazwa kulikaribia. Wanasema mtu aliyelitunga hawezi kuliheshimu inavyotakiwa.”

“Na hapa unafanya nini?”

“Natibu. Sheria inasema Kufuata na Kukataa ni ndani ya chumba cha tiba. Huu ni ukumbi. Na wagonjwa wote wa utumbo, upende usipende, lazima wapite hapa.”

Mashavu akaangaza macho na kuiona foleni kwa mara ya pili. Kila mtu pale alikuwa ameshika kikaratasi cha maabara, cha asubuhi ileile, bila muhuri hata mmoja. Mzee mmoja alikuwa akimweleza kijana wa jirani jinsi ya kudunga sindano pajani. Bibi mmoja wa utepe wa kijani aliuvua, akautia mfukoni, ndipo akasogea kueleza shida zake.

Tabibu Zawena akamlaza Mashavu palepale benchini na kulibonyeza tumbo taratibu, upande wa kushoto, chini, akisubiri aseme panapouma. Akatuma kinyesi chake maabara, majibu yakaja baada ya nusu saa. Kisha akafungua daftari. Humo mlikuwa na yale maswali ishirini na moja ya kabati yameandikwa kwa penseli, kila jibu na alama zake, kama mtihani.

“Hesabu unaijua?”

“Nakula kwayo.”

“Basi hesabu mwenyewe. Mgonjwa akijihesabia haogopi namba.”

Mashavu akajumlisha kwa tumbo la leo: kilo tisa zilizopungua, damu ya leo, miaka sita, aina mbili za dawa zilizoshindwa. Kidole chake kikashuka kwenye safu za mwisho. Vidonge vya zamani, kumi na mbili katika mia. Sindano ya kwanza, iliyo ya nguvu na ya haraka, sitini na nne. Sindano ya pili, inayokwenda polepole na kufanya kazi zaidi ndani ya utumbo wenyewe, hamsini na moja.

“Sindano ya kwanza,” alisema Mashavu. “Sitini na nne ni kubwa kuliko hamsini na moja. Hata mtoto anajua.”

“Daftari ndilo linalosema hivyo. Sasa mimi niulize yasiyokuwemo daftarini. Sindano ile huwalaza askari wote wa mwili, si wa utumbo peke yao. Nyumbani kwenu kuna maradhi gani yanayolala mwilini yakisubiri askari walale?”

Mashavu akainua kidole kutoka daftarini. “Baba yangu alikufa kwa kifua kikuu. Nilimuuguza miezi minane chumba kimoja.”

Tabibu Zawena akagonga daftari kwa kidole. “Tulipotunga daftari hili,” alisema, “hatukuwa na mgonjwa hata mmoja wa kifua kikuu. Kadiria ugonjwa huo haupo. Kwa hiyo hatukuuliza. Hilo si kosa la daftari, lilijibu tulichokipima. Ungechukua namba kubwa ukaenda zako, huenda tungeliponya tumbo tukakiua kifua.”

Akamfafanulia. Sindano ya kwanza ingewezekana, lakini baada ya kupimwa kifua na pengine kumeza dawa za kinga kwanza, na huku damu inatoka. Ya pili ingeweza kuanza wiki hiyohiyo, kifua kikipimwa vilevile, ila nafuu yake huja kwa mwendo wa konokono. Na kisu kingebaki kuwepo, ikiwa hamsini na moja ile isingemkuta.

“Kwa hiyo niko kwenye hamsini na moja, au siko?” aliuliza Mashavu, na akajionea haya. Angekuwa mwanafunzi wake angempa sifuri.

“Sijui. Wala daftari halijui. Linajua mia, halikujui wewe.” Tabibu Zawena akafunga daftari na kumgeukia. “Ndiyo maana nina swali moja la mwisho. Lilikuwa la ishirini na mbili. Baraza lililifuta kwa kuwa halina namba. Wewe mwenyewe, Mwalimu, unataka nini?”

Miaka sita, matabibu kumi na mmoja, na hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

“Nataka dakika themanini,” alisema. “Kipindi kimoja kizima darasani. Na sitaki kuwarudishia wanafunzi wangu mwalimu anayekohoa. Naweza kusubiri, nikijua ninachosubiri.”

“Basi tumeshaamua,” alisema Tabibu Zawena.

Jumamosi saa mbili Tabibu Mkuu alingoja na kisu chake, mgonjwa hakutokea, na kwa kuwa ilikuwa siku ya Kukataa, kukataa kwake kukaandikwa kuwa halali. Mashavu akabaki Kadiria wiki kumi na nne. Kifua kilipimwa, kikaonekana salama. Akaanzishiwa ile sindano ya polepole; alipodungwa mara ya kwanza na mara ya pili hakuona tofauti, akaanza kujiandaa kwa mabaya. Wiki ya saba damu ikapungua. Wiki ya tisa akala maharage kwa ukaidi tu, na hakujuta. Wiki ya kumi na nne Tabibu Zawena alitazama kikaratasi cha maabara, akacheka peke yake, akampa barua ya kwenda kuendelea na sindano kwao.

Kilichobaki ni ofisi ya mpakani, na Kadiria haimwachi mtu atoke bila kujaza fomu. Afisa alikuwa kijana mwenye mwandiko mzuri na mwendo wa kobe. Saa tatu kamili asubuhi akaanza na swali la kwanza. Alipofika la tisa, akainua kalamu.

“Hili ndilo kubwa, mama. Linakusanywa nchi nzima ili ubishi wa Baraza uishe. Nani amekuponya, Mshauri au tabibu? Alama moja tu.”

Mashavu alijua jibu. Ni daftari, na tabibu aliyejua daftari linapoishia, na yeye mwenyewe aliyesema habari za baba yake. Lakini jibu hilo lingezua swali, tiba hiyo ilitolewa wapi. Baraza likiusikia ule ukumbi litautia mlango, na ukishakuwa na mlango utakuwa chumba cha tiba, na foleni yote itaamkia Jumatano. Mwanamke ambaye maisha yake yote alikuwa akisahihisha majibu ya uongo kwa kalamu nyekundu akaishika kalamu na kuandika la uongo kwa makusudi: Bahati.

“Bahati haina safu,” alisema afisa.

“Nawe iwekee.”

Afisa akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaleta kitabu cha sheria. Wa Kufuata akatoka chumba cha pili akidai bahati ihesabiwe kwa Mshauri, kwa kuwa bahati ni namba. Wa Kukataa akatoka chumba cha tatu akisema bahati ni ya tabibu, kwa kuwa namba haina mkono. Wakabishana, wakanywa chai, wakabishana tena, na Mashavu ameketi katikati yao akisikiliza kwa raha kama mtu aliye kwenye harusi ya jirani. Hatimaye wakakubaliana kuigawa bahati nusu kwa nusu, muhuri ukagongwa, kila mmoja akarudi chumbani kwake.

“Samahani kwa kukuweka, mama,” alisema afisa akimrudishia hati yake. “Sasa ni saa tano na nusu.”

Mashavu akaitazama saa ya ukutani. Akahesabu kutoka saa tatu, akahesabu tena, mwalimu wa hesabu asiyeiamini hesabu yake. Dakika mia na hamsini. Hakuwa ameinuka hata mara moja. Hakuwa ameuliza choo kiko wapi, wala sasa hivi hakujua kilipo.

“Umemaliza, mama. Unaweza kwenda.”

“Najua, mwanangu,” alisema Mashavu, machozi yakimshuka bila kuyafuta. “Niache nikae kidogo tu.”